Nyati Niliyembakiza Mkononi

Katika kambi yetu ya wakimbizi karibu kila familia ilikuwa na begi lisiloguswa. La mama lilikaa juu ya mbao, mbali na unyevu. Ndani mlikuwa na kitenge kipya na viatu vya mdogo wangu wa kike, vyote vikisubiri siku ya kurudi Burundi. Mama alipopata kibali cha kwenda kutibiwa Kigoma mjini, tulikwenda naye mimi na mdogo wangu, na begi likaja pia. Tulifikia mtaa wa Katubuka kwa shangazi, aliyeolewa huko kabla ya vita.

Binamu yangu, mtoto wa shangazi, alikuwa na gemu la kadi kwenye simu. Jioni alinichukua hadi kwa kinyozi mmoja wa Bangwe, ambako vijana walipambana simu kwa simu. Benchi lilikuwa la wachezaji, asiyecheza alisimama. Mimi nilisimama, naona haya hata kukohoa. Hakuna kitu nilichokitaka mjini kama kukaa kwenye benchi lile. Kinyozi akasema nikimshinda yeye, nitakaa.

Gemu lenyewe si gumu. Kila mchezaji ana fungu la kadi, na kila kadi ina mnyama. Kila zamu unapewa nguvu, kubwa kidogo kuliko ya zamu iliyopita, nawe unamtoa mnyama ambaye nguvu hiyo inamtosha. Wanyama wako wanalinda boma lako na kuvunja la mwenzako. Wewe unayeanza, usihangaike kukusanya kadi nyingi. Chukua chache, uzijue tabia. Hilo nililielewa mapema. Lililonishinda lilikuwa jingine.

Nilicheza kwa simu ya shangazi niliyoiazima, na kwenye zawadi ya wanaoanza nilikuwa nimepata nyati, kadi ambayo hata binamu hakuwa nayo. Nikapambana na kinyozi, boma langu likavunjwa, nyati bado yuko mkononi, sijamtoa. Nikacheza tena, ikawa vilevile.

"Dogo," kinyozi aliniuliza, mashine ikiwa kichwani kwa mteja, "huyo nyati unamfuga, au unamngojea Krismasi?"

Hata mteja alicheka. Njiani binamu akasema, "Nguvu ulikuwa nazo. Kwa nini hukumtoa?"

"Namwekea wakati wake."

"Wakati gani?"

Nikaongeza mwendo.

Jumapili shangazi alitaka twende wote kanisani. Akamwambia mama, "Wifi, mtoto avae viatu." Mama alisita, kisha akafungua begi. Viatu havikuingia. Alisukuma kisigino, akalegeza kamba, akasukuma tena.

"Mguu umevimba kwa joto," alisema.

"Haujavimba, mama," mdogo wangu alijibu.

Mama alivipangusa viatu, ingawa havikuwa na vumbi, akavirudisha begini. Mdogo wangu alikwenda kanisani na ndala. Nilikaa ibada nzima nikitazama miguu yake, na nyati akanijia akilini. Sikumwambia mama. Kadi ikifa leo, mchezo ujao unaipata tena. Siku ambayo mama alikuwa akiiwekea viatu haikuwa ya mchezo. Sikuona kwamba alikosea. Niliona tu mimi nimejifunzia wapi kuweka.

Kibali kilikuwa kinakaribia kwisha niliporudi kwa kinyozi. Safari hii, nguvu zilipotosha tu, nikamtoa nyati. Kinyozi akawatuma wanyama wake wote wakubwa wamkabili. Nyati akafa. Niliumia kana kwamba nimeibiwa. Lakini wakubwa wale, kwa kuwa mnyama akishapigana hupumzika zamu moja, walikuwa wamechoka, na boma lao halikuwa na mlinzi. Kanga wangu na nguchiro wangu, wanyama wa nguvu kidogo, wakaingia na kulivunja.

"Kumbe nyati alikuwa chambo," binamu alisema.

Hakuwa chambo. Nilimtoa kwa sababu wakati wake ulikuwa umefika, basi.

Kinyozi alitazama simu yake, akaiweka mfukoni.

"Ameacha kufuga," aliwaambia wenzake. "Sogeeni."

Wakasogea. Nikakaa.