Kinyozi, Keki na Nyuki Mbele ya Baba Kemunto

Leo baba ya msichana wangu, Kemunto, ameniuliza tuko wangapi tunataka kumuoa.

Nilikuwa peke yangu. Na shangazi.

Tukienda kwao Itumbe, shangazi alinionya: "Ukiulizwa kazi, taja moja. Mtu wa kazi nyingi wataona hajatulia."

Mzee akauliza. Nikasema mimi ni kinyozi.

Shangazi akatabasamu.

Mama Kemunto akaleta chai, akaniangalia. "Wewe si ndiye ulioka keki ya harusi ya dada yangu?"

Nikasema ni mimi.

Ndugu ya mzee akaweka kikombe chini. "Ngoja! Huyu ndiye alitoa nyuki kwa dari ya kanisa letu. Na alikuwa anaimba!"

Kuimba ni ya kutuliza nyuki. Lakini pia niko kwaya.

Shangazi sasa alikuwa anaangalia ukuta.

Mzee akanigeukia. "Kijana, kati yenu nyinyi wote, ni nani anaoa?"

Kemunto akafunga macho.

Nikasema ukweli. "Mzee, kila mwaka napenda kitu mpya, na ile ya zamani inakataa kuisha. Lakini msichana ni mmoja tu."

Hakucheka. Akasema twende tuone ng'ombe.

Huko nyuma ya boma akaangalia kama kuna mtu, akaniuliza polepole: "Hiyo ya keki. Mtu wa rika yangu anaweza kujifunza?"

Nikasema anaweza.

"Jumapili Mama Kemunto hayuko. Kuja na mayai. Mahari tutaongea keki ikiiva."

Wenye mmeoa, nisaidieni. Hiyo ni ndiyo, ama nimepata kazi ingine?