Verdell Ambaye Hakupitishwa Juu ya Jeneza

Verdell Capers hakupitishwa juu ya jeneza la mama yake, na kisiwa kizima cha St. Helena kinalijua hilo. Alikuwa kichanga, ana surua, wakaogopa kumtoa nje. Kaka na dada zake walinyanyuliwa, wakapokewa ng'ambo ya jeneza, ili marehemu asije akawarudia. Yeye akaachwa ndani. Uzembe gani huo! Lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Tangu hapo kuna anayemvuta pindo la gauni. Akipika wali na uduvi, linavutwa. Akiimba kanisani, linavutwa. Bibi yake alipaka milango rangi ya buluu kuzuia mizimu, kazi bure. Mume naye alivumilia weee, mwisho akafunga virago, akasema kitanda chake hakilali watatu.

Uzeeni akapewa kazi ya kutunza nyumba ya picha, jengo lililokuwa kiwanda cha chaza, ambako wasanii weusi wa visiwani husafisha picha zao na kusimulia habari zao wenyewe. Zamani duka la mjini lilisafisha kwa kipimo cha ngozi nyeupe: magauni yanatoka, nyuso zinabaki masizi. Verdell, akichapa picha, huukinga kwa kiganja uso ulio kwenye karatasi, mwanga wa mashine usiuunguze, na ukimharakisha atakutoa mbio. Nyuso za watu wote alizitoa. Uso wa mama yake tu hakuwahi kuuona, na jambo hilo lilimuuma kuliko kuvutwa.

Ndipo Ruthanna Chisolm, mpiga picha kijana, alipoleta filamu aliyoikuta katika sanduku la marehemu babu yake. Ilikuwa ya mazishi yale ya mama yake Verdell, jeneza liko wazi.

Mchana huo wakajifungia katika chumba cha giza. Verdell akaukinga uso wa marehemu, akaitia karatasi kwenye dawa. Likatoka jeneza, yakatoka maua. Uso ukachelewa. Kisha ukaja polepole, uso wa Verdell mwenyewe enzi za usichana wake, macho wazi, yanamtazama.

Pindo likavutwa. Safari hii Ruthanna naye aliliona likikaza kuelekea kwenye karai la dawa.

"Shangazi, usiigandishe hiyo picha," akasema. "Niwaite wale vijana akina Abner wakupitishe juu yake sasa hivi, yaishe."

"Kwa uzito huu? Utawavunja viuno watoto wa watu."

"Sitanii. Ukiigandisha, haondoki tena."

Verdell akaiinamia picha. Bila dawa ya kugandisha, mlango ukifunguliwa tu uso ule utameza mwanga na kuwa mweusi tii. Maisha yake yote aliomba mawili, aachwe kwa amani na amwone mama. Aliogopa.

"Wenzangu walipopitishwa, walimfungia mlango," akasema. "Mimi ndiye niliyembakia."

Akaitumbukiza picha kwenye dawa ya kugandisha.

Leo imetundikwa ukutani, na wageni husifu jinsi marehemu alivyofumba macho kwa utulivu. Verdell hawabishii. Pindo bado linavutwa. Siku hizi, likivutwa, yeye hupunguza mwendo.