Jani la Mgomba, Mwiba wa Mlimau

Juzi kazini, hapa Nyeri mjini, tuliletewa mwalimu wa kutufundisha kutuliza akili. Ndiyo, umesikia vizuri. Alitugawia karatasi na kalamu za rangi, akasema tuchore chochote, bila haraka, bila kufuta. Wenzangu walitazamana wakizuia kicheko. Mimi mkono ulikuwa umeshaanza kuzungusha viduara, na harufu ya mgomba uliokatwa ikanijia palepale kwenye chumba cha mikutano.

Hiyo kazi nilishafundishwa na nyanya yangu kule Mukurweini nikiwa mtoto, na hakuwa na kalamu hata moja ya rangi. Alikuwa na mwiba wa mlimau. Mama alikuwa amelazwa hospitalini huku Nyeri, nami nikapelekwa kukaa kwa nyanya. Sikuwa na raha kabisa. Nilichota maji, nikakatia ng'ombe nyasi, lakini kuongea nilikataa. Nyanya hakunisumbua. Alinikalisha kwenye kigoda jikoni, akanitandazia jani bichi la mgomba magotini, akanipa ule mwiba.

"Kwaruza tu," akasema. "Usifikirie sana."

Ukikwaruza jani la mgomba, mwanzoni huoni kitu cha maana, ni kamstari kenye majimaji tu. Liache kidogo, utomvu unageuka, mstari unakuwa wa kahawia, halafu karibu mweusi. Ni utomvu uleule unaoharibu nguo, na hakuna sabuni ya kuutoa. Nilichora mawimbi, kuku, ng'ombe wenye pembe ndefu kuliko miguu, huku githeri ya mahindi na maharagwe ikitokota na moshi ukinitoa machozi. Baada ya siku kadhaa nikajikuta naimba chinichini. Nyanya akajifanya hasikii.

Chakula cha mama kilipelekwa na jirani yetu aliyekuwa akiuza ndizi sokoni Nyeri. Jioni moja alirudi na kikapu chake cha kiondo kikiwa kizito, ule mukimo wa viazi na mahindi haujaguswa. Nyanya hakuwa mtu wa kuficha mambo.

"Mama yako amekataa kula," akaniambia. "Asipokula, hatarudi."

Niliogopa sana. Watoto hawakuruhusiwa kuingia wodini, kwa hivyo hata kwenda kumbembeleza sikuweza.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya kufunga mukimo, nyanya aliniletea jani na mwiba. Nikachora mbiombio, maana jirani alikuwa anangoja mlangoni: kuku wanakimbia na nyanya yuko nyuma yao na ufagio, kanga imemfunguka. Akalitazama, akaguna, akafunga chakula huku upande wa mchoro ukiwa nje. Mistari ilikuwa bado haijashika rangi. Ungedhani ni jani tupu.

Siku hiyo sikucheza na mtu. Jioni jirani alifika, akageuza kiondo juu chini kutuonyesha hakuna kitu.

"Amekula yote," akasema. "Alicheka hadi nesi akaja kuangalia kuna nini. Ati anataka kujua kesho utamletea nini."

Nilichora kila asubuhi, hadi siku ile nilipomwona mama akishuka njia ya kwetu, amekonda, lakini anatembea mwenyewe. Sijawahi kufurahi vile tena, na nimeolewa na kuzaa.

Siku hizi mukimo tunafunga kwa karatasi ya alumini ya dukani, na jiko la nyanya lilibomolewa zamani. Yale majani yote yaliishia kwenye takataka za hospitali. Hilo silalamikii, jani hukauka. Kinachoniuma ni kwamba ile michoro mimi mwenyewe sikuwahi kuiona. Iliondoka mikononi mwangu haina rangi, ikaiva njiani, na aliyeiona imekamilika ni mama peke yake. Nilizoea kumuuliza ilionekanaje. Alinisimulia bila kuchoka, na kila mara aliongeza kuku mmoja. Mwaka jana tulimzika, na sasa sina wa kumuuliza.