Madam Hansa wa Upanga alivyonifundisha kuchora tenki la maji, mama wa watu akanusurika kufukuzwa

Wakuu, heshima kwenu. Hili limenikuta mwenyewe, chumvi sijatia.

Enzi za ruksa, mwishoni mwa miaka ya themanini, kompyuta ndiyo kwanza zinaanza kuonekana mjini, mzee wangu alikuwa na duka la jumla Kariakoo. Tuliishi juu ya duka pamoja na wapangaji wengine.

Nyumba nzima tenki moja. Linajaa alfajiri, saa sita mchana limekauka.

Lawama zote kwa Mama Salma, mjane aliyeishi kwa kufua nguo za watu. Mzee wangu ndiye aliyeongoza malalamiko, mwenye nyumba akampa mwezi mmoja ahame.

Mimi form three, hesabu sifuri. Tuition nilisoma kwa Madam Hansa, mama wa Kihindi, mwalimu mstaafu, nyumbani kwake Upanga.

Kompyuta moja, wanafunzi wanane. Programming hakutufundisha hata siku moja. Unachora boksi, ndilo tenki. Mshale wa maji kuingia, mishale ya kutoka, unaweka namba, mashine inakuchorea grafu. Basi.

(Wakati huo hata mouse nilikuwa naiogopa.)

Akatuambia kila mtu alete shida ya kwao. Nikahesabu ndoo za kila mpangaji wiki nzima, za kufulia zikiwemo.

Grafu ikasema maji yanatosha mpaka jioni. Nikamwambia Madam kompyuta imekosea.

Hakubisha. Alisema, "Inajua ulichoiambia tu. Kuna mshale hujauchora."

Nikaongeza mshale unaotoa maji kidogo kidogo, usiku na mchana. Nikabadilisha namba mpaka tenki likakauka saa sita kamili.

Nikarudi kuutafuta huo mshale. Niliukuta stoo ya duka letu, kule chini, nyuma ya maboksi: choo kisichotumika, maji yanachuruzika ndani.

Nikamwambia mzee. Akaja, akainama, akasikiliza.

Kisha akapanda juu. Mama Salma alikuwa anakamua mashuka.

"Mama Salma, tumekukosea. Ni choo changu."

"Yameisha, Baba Eliya. Sasa kamwambie na mwenye nyumba."

Alienda saa hiyohiyo. Mama Salma akabaki pale miaka mingi.

Hesabu nilikuja kupata C, na kwa kichwa changu ile ni sherehe. Madam Hansa alijua kufundisha, wakuu. Hakunipa jibu, alinifanya nilitafute mpaka likanipeleka stoo kwetu.

Nilichojifunza: kabla hujamnyooshea mtu kidole, chora mishale yote, uanze na wa kwako.

Nani mwingine alipitia mikono ya mwalimu wa hivi? Mwagikeni hapa chini.