Tiketi Yenye Jina la Dorian

Ukuta wa jiko la shule ulikuwa umenyamaza. Kwa miaka ishirini na miwili Arvilla Kreider alipika chakula cha mchana huku upande wa pili wa ukuta ule watoto wa bendi wakijifunza kupuliza tarumbeta, wakikosea palepale kila asubuhi, na Mwalimu Pascoe akiwaambia, "Tena. Tena, wanangu." Wapishi walilalamika sana enzi hizo. Twila, aliyekuwa mwenzake wa sufuria moja miaka yote hiyo, alikuwa akisema kwamba ng'ombe anayezaa ana sauti tamu kuliko mtoto mwenye tromboni. Sasa chumba kile kilikuwa kimepigiliwa mbao, na Arvilla akajikuta hajui tena viazi vinaiva saa ngapi. Kumbe alikuwa akivipima kwa makelele yale.

Ilitokea Jumatano moja ya mwezi Machi, siku ya kupika kuku na tambi. Mlio wa kwanza alidhani ni sinia lililoanguka. Wa pili haukumwachia nafasi ya kudhani. Yeye na Twila waliwasukuma watoto kumi na mmoja ndani ya chumba cha baridi wanamoweka maziwa na nyama, wakafunga mlango, wakakaa humo dakika arobaini wakitazama pumzi zao zikitoka kama moshi. Msichana mmoja aliuma aproni ya Arvilla ili asilie kwa sauti. Walipotolewa, Mwalimu Pascoe alikuwa ameshakufa, na wanafunzi wawili pamoja naye. Aliyewapiga risasi alikuwa Dorian Bashore, mvulana wa miaka kumi na sita, mjukuu wa mzee Emmett. Polisi walimkuta ameketi sakafuni nje ya chumba cha muziki, bunduki ya kuwindia imelala kando yake, katulia kama mtu anayengoja basi.

Mji ulipigwa na butwaa. Kisha ukaanza kusema, na ulipoanza haukunyamaza.

"Ni hizi simu," Twila alisema jiko lilipofunguliwa tena, akimenya karoti. "Mtoto analala nayo, anaamka nayo. Zamani shetani alikuwa anabisha hodi. Siku hizi unamchaji mwenyewe."

"Wanao nao wana simu, mbona hawajaua mtu?"

"Wanangu wavivu, Arvilla. Hata soksi hawainui."

Walicheka, kisha wakatazamana kama watu waliofumaniwa wakiiba, wakainamia karoti zao.

Mchungaji alisema ni kwa sababu sala ilifukuzwa shuleni. Mwuza dawa alisema ni vidonge vya huzuni, ingawa ni yeye aliyeviuza. Galen Royer, mkuu wa kikosi cha zimamoto, alisema ni mlango wa nyuma, na kwamba mlango wa chuma na mlinzi mmoja mwenye macho vingetosha. Wengine walimtaja baba aliyetoroka, wengine wanafunzi waliomdhihaki. Kila mtu alikuwa na chanzo chake mfukoni, akikitoa kama leso. Lakini mwisho wa kila mazungumzo wote walikutana kwenye jina moja, la mzee Emmett. Ndiye aliyemnunulia yule mtoto tiketi ya bahati nasibu. Ndiye aliyempa bunduki.

Hapo Arvilla alikuwa akiondoka, akisingizia oveni.

Kila Novemba, wiki moja kabla shule haijafungwa ili watu wakawinde kulungu, kikosi cha zimamoto hufanya bahati nasibu. Bunduki thelathini za kushindaniwa hupangwa kwenye meza ndefu za ukumbi, katikati ya maandazi na keki za maboga, na wapishi wa shule ndio wauza tiketi. Sehemu ya mapato huenda kwa bendi. Tromboni za Mwalimu Pascoe zilitoka huko. Watu huandika majina ya wajukuu kwenye tiketi, eti jina la mtoto lina bahati, na jina likitoka mtu mzima wa nyumba ile husaini karatasi ya kupokea bunduki. Arvilla mwenyewe alishinda akiwa na miaka kumi na miwili, na baba yake alilia kwa furaha mbele za watu. Hakuna aliyewahi kuona ajabu.

Dorian alikuwa akila peke yake, karibu na dirisha la kurudishia sinia. Katika watoto mia nne, yeye ndiye aliyekuwa akisema, "Asante, mama," kila siku, bila kuinua macho. Jioni ya bahati nasibu, Novemba iliyotangulia ile Machi, Arvilla alikuwa na kitabu cha tiketi mkononi, akamwona kwenye kona ya ukumbi, babu yake anaongea na wengine, yeye anatazama viatu. Akawaza: laiti jina la huyu lingeitwa, ukumbi mzima ungempigia makofi, japo mara moja. Akanunua tiketi, akaandika jina lake, akaitumbukiza kwenye pipa.

Na jina likaitwa. Makofi yakapigwa, wengine wakapiga miluzi. Dorian aliona haya mpaka masikio yakawa mekundu, akatabasamu. Mzee Emmett alikuna kichwa chini ya kofia, akauliza, "Nani kakununulia, wewe?" Arvilla alinyamaza, maana alifundishwa kwamba wema hufanywa kwa siri. Mzee akasaini. Watu wakadhani anatania, kwamba tiketi ameinunua yeye.

Mwezi Septemba wanachama wa zimamoto na watu wa mji walikutana ukumbini kuamua kama bahati nasibu ifanyike mwaka ule. Emmett hakuja. Tangu masika alikuwa hanunui hata mkate mjini. Mtu alikuwa amemkwaruzia neno "muuaji" kwenye mlango wa gari lake, naye analiendesha vilevile. Arvilla alikaa mstari wa nyuma. Akisema, atapoteza kila uso unaomsalimia. Akinyamaza, mzee yule atakufa na mzigo usio wake wote.

"Jamani, tusidanganyane," alianza Galen. "Bunduki zimelala juu ya meza hizi miaka hamsini. Hakuna hata moja iliyoinuka yenyewe."

"Na binti yangu pia hajainuka, Galen." Aliyesema ni Renata Wertz, mama yake Maren, mpiga klarineti aliyekufa siku ile. Hakusimama. "Endelea. Nilitaka tu kukujuza."

Galen alivua kofia, akaketi.

"Tatizo si bahati nasibu!" sauti ya kiume ilitoka pembeni. "Tatizo ni yule mzee mpumbavu! Mtoto kichwa giza, unamnunulia tiketi ya bunduki! Ningekuwapo mimi, ningemzaba kibao!"

"Hakununua Emmett," Arvilla alisema. Alijikuta amesimama. "Nilinunua mimi."

Watu waligeuka kwenye viti vyao.

"Kaa chini, dada," Galen alisema kwa upole. "Umechoka. Sote tumechoka."

"Sijachoka. Nilinunua mimi, nikaandika jina lake kwa mkono huu. Emmett hakujua mpaka lilipoitwa."

Twila alimgeukia, uso umemsawajika. "Kwa nini, Arvilla?"

"Nilitaka apigiwe makofi."

Renata aligeuka kumtazama. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililomtisha Arvilla. "Ulijua ana shida?"

"Nilijua yuko peke yake. Nilidhani hiyo ndiyo dawa yake."

"Ukamtafutia bunduki."

"Ndiyo."

Jambo lile lilipotamkwa hivyo, wazi, katika ukumbi ule wenye harufu ya kahawa, Arvilla alilisikia kwa mara ya kwanza. Miezi sita alikuwa akijiambia kwamba alinunua makofi. Renata alichukua koti lake, akatoka, na hakuna aliyemfuata.

Kisha wakapiga kura. Mikono thelathini na mmoja ilitaka bahati nasibu iendelee, ishirini na sita ikakataa. Mkono wa Twila ulikuwa miongoni mwa ile thelathini na mmoja. Watu wakaanza kukunja viti. Mama mmoja alimpitia Arvilla, akamshika bega, akauliza kama mwaka huu ataoka keki ngapi za maboga. Alimaanisha kumfariji. Arvilla alikunja kiti chake, akakipeleka ukutani.

Kesho yake mzee Emmett alifika barazani kwa Arvilla. Hakutaka kuingia.

"Nimesikia umesema."

"Nimesema ukweli, Emmett. Ilibidi niseme tangu Machi."

"Ukweli ni kwamba nilisaini mimi. Na ufunguo wa kabati la bunduki nilikuwa nauweka kwenye kopo la kahawa, yeye anauona." Alivuta kofia. "Sikuhitaji kutetewa, mama. Ila nashukuru. Nilikuwa najiuliza kila siku ni nani."

"Sasa unajua."

"Sasa najua," mzee alisema, akashuka ngazi kwa kushikilia ukuta.

Arvilla aliacha kazi ya shule kabla ya Krismasi. Sasa anapika zamu ya asubuhi kwenye nyumba ya wazee, maili arobaini kutoka kwake, katika wilaya ya jirani. Jina lake limo kwenye orodha ya watu ambao Dorian ameomba waruhusiwe kumtembelea gerezani. Bado hajaenda.