Piko Mgongoni

Jamani, aibu hii siwezi kuificha hata nikitaka, maana mpaka leo nikipita Utende wananiita Ubao, na yote niliyataka mwenyewe kwa kuitikia "haya" moja tu.

Dada yangu Saida anasomea uuguzi, alikuwa nyumbani kwetu Kanga anajiandaa na mtihani wa mifupa, akaniomba anichoree uti wa mgongo na mbavu mgongoni, nikasema haya. Kalamu ikawa inafutika kwa jasho, si akachukua piko la mama! (Piko, lile jeusi la kuchorea maharusi, na mimi dume zima nimelala kifudifudi napakwa.) Akachora pingili zote toka shingoni hadi kiunoni, mbavu huku na huku, kila mfupa na namba yake. "Ukioga litatoka," akasema. Nilisugua kwa dodoki mpaka ngozi ikawaka moto. Wapi! Lilizidi kukolea.

Na kesho yake ndiyo nimeitwa Utende na Mzee Haji, baba yake Rukia, nikasaidie kuvuta mashua yake ipande pwani. Posa yangu alikuwa bado hajaijibu, nikajua hapa napimwa. Saida naye akanifuata, eti akamwone wifi. Nikamwamkia mzee shikamoo, akasema marahaba, vua shati tufanye kazi. Nikasema nina mafua (jua lile!), nikashika kamba na shati langu jeupe, tukavuta, jasho likamwagika, shati likanigandia, na nyuma yangu wimbo wa wavutaji wenzangu ukakatika ghafla.

"Kaandikwa huyu!" mmoja akapiga kelele. "Katoka kwa mganga!"

Mzee Haji akaachia kamba. "Kijana, umekuja kumroga mwanangu?"

Roho ilinitoka, maana Rukia nampenda, na alikuwa pale pale anatazama.

Saida akanivua shati mbele ya kadamnasi akaanza kufundisha: hizi pingili, hizi mbavu, kumi na mbili kila upande, mbili za chini zinaelea, mbele hazikushika popote. Wazee wakasogea, kila mmoja ananibonyeza, "Mimi panauma hapa," "Mimi hapa," na mimi natekenyeka nacheka kama mwehu.

Mzee Haji akazihesabu kwa kidole, kulia, kushoto, akarudia. "Si tunaambiwa mwanamume kapungukiwa ubavu mmoja?"

"Hapana, baba. Wake kwa waume, sote sawa."

Akanigeukia. "Basi zako zote unazo. Kwangu umekuja kutafuta nini?"

Sijui neno lilinitokaje: "Wa kunisugua mgongo, mzee."

Rukia akaangua kicheko, akajifunika uso kwa kanga, baba yake naye akacheka mpaka akakaa mchangani, na posa yangu ikajibiwa pale pale, mimi kifua wazi.

Saida alifaulu. Juzi kaja kwetu na piko jingine, anasema sasa wanasoma mifupa ya nyonga. Nimeapa wallahi sisemi tena haya kabla sijaambiwa ni haya ya nini, ila hata sikuwahi kufungua mdomo, mke wangu Rukia alishamnyang'anya piko.