Swali Linaloulizwa Kabla ya Samaki

Saa moja kasorobo asubuhi, ukungu haujaondoka juu ya ziwa, na Joram Oduor amekwisha kuvaa vipokea sauti masikioni. Ameketi wima katika chumba cha redio cha hospitali ya misheni, pembeni mwa mji wa Kisumu. Shati lake limepigwa pasi. Chai yake inapoa.

"Kuna mgonjwa?" inauliza sauti nzito ya mwanamke kutoka ufuo wa wavuvi wa Usenge.

"Hakuna mgonjwa, Mama Benta. Uza samaki."

"Asante, Mzee. Na wewe kunywa hiyo chai. Ukikufa, nani atatukataza mambo?"

Joram anacheka peke yake. Mara redio inajaa bei ya samaki wa mbuta, barafu iliyochelewa na lori lililokwama matopeni.

Hospitali na wanunuzi wa samaki hutumia masafa yale yale ya redio. Ndiyo maana hapana anayetaja samaki kabla ya kuulizia mgonjwa. Desturi hiyo haikuandikwa na serikali. Ilizaliwa na ugomvi, na mlezi wake ni mtu huyu mmoja.

Mwishoni mwa mwaka huu wa 1998 redio hiyo itazimwa. Kompyuta imekwisha kufungwa chumba cha pili, nayo itapeleka habari za wagonjwa kwa waya wa simu. Joram, mwenye umri wa miaka hamsini na sita, hababaishwi na kupoteza kazi. Linalomsumbua ni jingine.

"Kwenye ule waya," asema, "nani atauliza kama kuna mgonjwa?"

Alikuwa askari wa mawasiliano. Mwaka 1989, karibu na kustaafu, alipelekwa Namibia pamoja na walinda amani wa Kenya. Huko alifunzwa sheria za vita, naye huzisimulia kama mtu anayesimulia mafunzo ya ubatizo: adui anayepigana apigwe, lakini hospitali, mgonjwa na gari lake wasiguswe. Tena mpiganaji asijifiche nyuma ya alama ya wagonjwa ili amdhuru mwenzake.

"Hiyo ya pili niliiona ndogo," akiri. "Usenge ndipo nilipoujua ukubwa wake."

Alirudi nyumbani, akaajiriwa na hospitali kwa mshahara ambao hata leo haujafika shilingi elfu tano. Mwaka 1991 wanunuzi wawili wa mbuta walikuwa wakigombania wavuvi: Benta Awuor na Bwana Seif, mfanyabiashara wa Kisumu. Malori yao yote yalikuwa na redio. Benta alipoita barafu, vijana wa Seif walibana kitufe cha kusemea na kukishikilia, redio ikanguruma, asisikike. Benta naye alilipa vivyo hivyo.

Hospitali ilipoita, hakuna aliyebana. Hapo ndipo Benta alipopata hila. Alianza kujiita hospitali. "Mgonjwa wa upasuaji yuko njiani," alitangaza, na dereva wake akajua kwamba samaki wamepakiwa.

"Nilikuwa nataka tu samaki yangu isioze," Benta asema leo, akiwa amesimama kando ya mizani yake ufuoni. Kisha anainamisha uso. "Lakini ilikuwa akili ya shetani."

Siku moja dereva wa Seif alimpita huyo "mgonjwa" barabarani. Alikuwa amelala juu ya barafu, ana magamba. Siku hiyohiyo Seif alitoa amri: hospitali ikisema, bana kitufe.

Sauti ya kwanza kuzibwa haikuwa ya Benta. Ilikuwa ya Agneta, muuguzi wa zahanati ya Usenge. Rosa Aoko, mwanamke aliyeanika omena, wale dagaa wa ziwani, na kuwauzia Benta na Seif, alikuwa na uchungu wa kuzaa na damu haikukatika. Joram alisikia "Usenge", akasikia "damu", kisha ngurumo.

Aliita tena na tena. Ngurumo tu. Basi hakungoja kuelewa. Alimtuma dereva na gari la wagonjwa, safari ya zaidi ya saa mbili, kwa maneno hayo mawili.

Rosa aliokolewa, na mtoto pia. Watu wa Usenge walimwita mtoto Ova, neno la kumalizia ujumbe redioni, ambalo Agneta hakuachwa alifikie siku ile.

Joram alipanda basi hadi Usenge akawakuta mahasimu wawili mbele ya wavuvi.

"Mzee, sisi si majeshi," Seif alimwambia.

"Ndiyo aibu yenyewe. Watu wenye mizinga wanayo sheria, nyinyi wenye mbuta hamna!"

Akamgeukia Benta. "Mama, wewe hukuiba jina tu. Uliiba ngao ya Rosa, ukafunikia samaki. Seif akaipiga."

Benta alilia mbele za watu. Seif ndiye aliyependekeza swali la mgonjwa liulizwe kila mara. "Na mimi niulize kwanza," alisema, "maana mimi ndiye niliyebana."

Mwezi uliopita palikuwa na semina ya sheria za vita mjini Kisumu, na Joram alialikwa kama askari mstaafu. Aliuliza: jeshi likituma ugonjwa, vile virusi vya kompyuta, ndani ya kompyuta ya hospitali kwa waya wa simu, je, hilo ni shambulio? Afisa mmoja alijibu kwamba shambulio ni kitu kinacholipuka.

"Afande, Usenge hakuna kilicholipuka," Joram alisema. "Ilikuwa kelele tu. Na mama alikuwa anakufa."

Meja Wakhisi, mwanasheria wa jeshi aliyeongoza semina, alimwomba asimulie yote. Kisha alieleza kwamba mkataba wa sheria za vita wa 1977 unazitaka nchi zichunguze kila silaha mpya kabla ya kuitumia, na kwamba hospitali hulindwa hata kama mshambuliaji hakushika bunduki. "Lakini nikuulize, Mzee. Waya ule ule ukibeba amri za jeshi na habari za wagonjwa, tuukate au tusiukate?"

Swali hilo Joram alirudi nalo nyumbani. "Namuuliza Mungu, nawauliza wanasheria," asema. "Ila wapime kwanza ni nani atakayekufa upande wa pili wa waya."

Meja amemwalika kuwasimulia maafisa wanafunzi habari za Usenge mwezi ujao, na Joram amekubali. Ameiomba pia hospitali iiache redio mezani, ikiwa na betri, hata baada ya kompyuta kuanza kazi. Bado hajajibiwa. Tumaini lake ni kwamba watakaotunga sheria za hizo nyaya watakuwa wamelisikia swali la wauza samaki.

Redio inakohoa. Ni Seif, yuko na lori lake mjini Bondo.

"Kuna mgonjwa?"

Joram anainua kidole. Agneta ameanza kuita kutoka zahanati, na sauti yake ni ndogo.

"Yupo," Joram ajibu.

Bei ya mbuta ambayo Benta alikuwa akiitaja inakatika katikati ya neno. Malori yananyamaza, Benta ananyamaza, ufuo mzima unanyamaza.

"Sema, Agneta," asema Joram. "Tunakusikia."